Picha Zilizotiwa Chumvi

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kitabu, leo twataka kuwaeleza habari ya kadi za posta za namna ya ajabu, ambazo zilienea sana huko Marekani, hasa kati ya mwaka 1905 na 1915. Kadi hizo zaonyesha mambo ambayo hapana mtu aliyepata kuyaona kwa macho. Hindi moja, yaani gunzi pamoja na punje zake, limelazwa juu ya gari la farasi, nalo limejaza gari lote hata farasi wanainamisha vichwa kwa uzito. Machungwa matatu yamejaza behewa la gari la moshi. Mvuvi ameketi juu ya mgongo wa samaki aliye mkubwa kuliko mashua yake. Mtu amempanda sungura kama apandaye punda. Na chini ya picha pameandikwa maneno machache, kwa utulivu kabisa, ya kwamba hivi ndivyo mazao yetu yalivyo katika wilaya hii.

Mtu akiona kadi ya namna hii mara ya kwanza hucheka. Kisha huitazama tena kwa karibu, akauliza, Wamefanyaje? Hilo ni swali jema, nasi tutalijibu. Walakini liko swali la pili, ambalo twaona kuwa ni gumu zaidi: kwa nini mkulima atoe senti yake anunue picha ya uongo juu ya shamba lake mwenyewe, kisha atoe senti nyingine kuipeleka kwa ndugu zake?

Kwanza tuseme kidogo juu ya kadi yenyewe. Serikali ya kwanza kutoa kadi ya posta ilikuwa ya Austria, tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa karatasi ngumu isiyo na picha wala bahasha, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya barua. Mwaka 1874 mataifa mengi yalikutana katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi, yakapatana juu ya kupelekeana barua, na tangu hapo karatasi ndogo yaweza kuvuka bahari kwa stampu moja tu. Huko Marekani sheria ya mwaka 1898 iliruhusu wachapaji wa kawaida kuuza kadi zao na kuzipeleka kwa senti moja, na tangu mwaka 1907 watu walipewa ruhusa kuandika salamu upande ule ule wa anwani, hata upande wa pili ukabaki wote kwa picha. Ndipo watu waliposhikwa na wazimu wa kadi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilipitisha kadi zaidi ya milioni 677, na watu wote wa nchi ile hawakufika hata milioni 90.

Huku kwetu pia kadi zilikuwapo. Zanzibar palikuwa na wapiga picha kama A. C. Gomes, na katika Dar es Salaam ya wakati wa Wadachi walikuwapo C. Vincenti na Walther Dobbertin. Kadi zao zilionyesha bandari, minazi, milango ya nakshi, mitaa ya mji na mapusa ya ndovu. Kadi hizo zilikuwa za adabu: zilionyesha kitu kama kilivyo, au kama mpiga picha alivyotaka kionekane.

Wale wa Marekani walikuwa na tabia nyingine. Aliyejulikana kuliko wote ni William H. Martin, mpiga picha wa mji mdogo wa Ottawa katika jimbo la Kansas. Alianza kufanya picha za hila yapata mwaka 1908, na biashara ikamstawia hata akaanzisha kampuni ya kadi. Mwaka 1912 aliiuza, akashika kazi ya kutengeneza mabango. Katika Waupun, jimbo la Wisconsin, alikuwako Alfred Stanley Johnson, ambaye aliwapanga jamaa na jirani zake mbele ya kamera kama wachezaji wa mchezo wa kuigiza, akiwaambia wavute, wasukume, wakimbie, au washike viuno kwa mshangao mbele ya kitu ambacho hakikuwapo. Na katika San Francisco mchapaji Edward H. Mitchell alitoa kadi za rangi zenye mabehewa yaliyopakiwa matunda makubwa mno.

Basi, walifanyaje? Kazi yenyewe yahitaji subira kuliko elimu. Mpiga picha alipiga picha ya kwanza: gari, farasi na watu wawili, na gari ni tupu. Kisha alichukua hindi la kawaida, akaliweka juu ya meza, akalisogelea kwa kamera, akapiga picha ya pili, hata hindi likaonekana kubwa na kila punje yake dhahiri. Picha zote mbili akazisafisha juu ya karatasi. Akashika mkasi mkali, akakata hindi pembeni pembeni mwa ukingo wake, akalibandika kwa gundi juu ya gari. Palipo na mshono akapaka rangi kidogo kwa brashi nyembamba, na chini ya hindi akatia kivuli. Mwisho akaipiga picha ile karatasi iliyobandikwa. Katika picha hii ya mwisho mshono hauonekani tena, kwa kuwa kila kitu kimekuwa karatasi moja. Kutokana na hiyo zikachapishwa kadi maelfu.

Lakini mkasi na gundi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa na jicho la atazamaye. Jicho halina futi ya kupimia. Laona kitu kikubwa au kidogo kwa kulinganisha tu na kitu kilicho karibu nacho. Twaweza kulijaribu jambo hili mahali popote, na kwa kuwa wengi wenu mwaijua Keko, upande wa kusini wa mji wa Dar es Salaam, karibu na Chang'ombe, tulijaribu huko huko, katika mtaa uitwao Keko Machungwa, maana jina lake latufaa. Nunua chungwa moja lenye upana wa inchi 3. Funga jicho moja, linyoshee mkono hata liwe futi 2 mbali na uso wako. Sasa tazama nyumba iliyo mbali futi 200. Chungwa laifunika nyumba hiyo, hata kama kimo chake ni futi 25 pamoja na paa. Hesabu yake ni nyepesi: futi 200 ni mara mia ya futi 2, kwa hiyo inchi 3 za chungwa zafunika inchi 300 za nyumba, nazo ni futi 25. Hakuna aliyedanganyika hapo, kwa sababu mkono wako wajua kwamba chungwa li karibu. Katika picha mkono haupo. Karibu na mbali vyote vimelala juu ya karatasi moja, na hapo ndipo uongo upatapo nafasi ya kuketi.

Wavuvi na wawindaji waliijua siri hii bila kuhitaji mkasi. Mvuvi anayepigwa picha na samaki wake humshika kwa mikono miwili, akamnyosha mbele kuelekea kamera, na yeye mwenyewe akarudi nyuma kidogo. Samaki wa ratili tano huonekana wa ratili kumi. Mwindaji naye huketi nyuma ya mnyama aliyeuawa, hatua kadhaa, wala haketi kando yake, na nyati huonekana kama kilima. Ukitazama picha za zamani za wawindaji waliokuja nchi zetu, tazama vidole vya mtu na miguu yake kabla ya kutazama pembe za mnyama. Utajua mara moja mtu yuko mbali kiasi gani.

Sisi Waswahili tuna neno zuri kwa jambo hili. Twasema mtu ametia chumvi. Hatusemi ametia sumu. Habari isiyo na chumvi ni chapwa, na iliyozidi chumvi haliki, lakini wote walioketi barazani wajua kwamba chumvi imo. Katika hadithi za Abunuwasi, yeye aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akasema sufuria imezaa. Jirani akakubali kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi akasema sufuria imefariki, na jirani akawa hana la kujibu, kwa kuwa kile kizaacho hufa. Utamu wa hadithi ni uso wa Abunuwasi, ambao haucheki hata kidogo. Kadi za Kansas zina uso ule ule. Mtu aliyeshika msumeno kukata boga kubwa kama nyumba hatabasamu. Anafanya kazi.

Sasa tulijibu swali la pili, la mkulima na senti yake.

Nchi ya Kansas na majimbo ya jirani ni tambarare kubwa isiyo na miti mingi, na mvua yake haina ahadi. Miaka ya 1870 na 1880 watu wengi walivutwa kwenda kulima huko. Makampuni ya reli yalikuwa na ardhi ya kuuza, nayo yalitoa vitabu na mabango ya kuisifu. Palikuwa hata na wataalamu waliofundisha kwamba mvua hufuata jembe, yaani ukiilima nchi kavu mvua itakuja yenyewe. Mafundisho hayo yalikuwa ya bure. Mwaka 1874 nzige waliishukia Kansas, wakala mahindi na majani, na habari zasema walitafuna hata vipini vya majembe kwa ajili ya chumvi ya jasho. Miaka ya 1890 ukame ulikuja, na watu wengi wakafunga mizigo wakarudi walikotoka.

Waliobaki ndio waliozinunua kadi. Fikirini mtu aliyebaki. Ndugu zake wa mashariki walimwambia asiende. Sasa wamwandikia kuuliza hali. Akisema mambo ni mazuri sana, watajua ni uongo. Akisema mambo ni mabaya, watamwambia turudi nyumbani. Basi huwapelekea picha ya hindi lililojaza gari. Ndani ya mzaha ule yamo mambo mawili kwa pamoja: kwanza, huwacheka wale wauza ardhi na mabango yao, akitia chumvi kuliko wao; pili, hujisifu kidogo, kama kusema, Tungali hapa. Sisi twaona ya kuwa mzaha wa namna hii ni wa watu walioteseka. Mtu ambaye shamba lake halijapata kumdhulumu hana haja ya kulifanyia mzaha.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Miaka ya 1930 ukame na tufani za vumbi zilirudi tena Kansas, na mwaka 1935 panzi wengi walishuka katika mji wa Garden City. Mpiga picha Frank D. Conard alianza kutengeneza kadi za panzi: panzi mkubwa kama farasi, panzi anapigana mieleka na mtu, panzi amefungwa kamba. Panzi wale wale waliokuwa wakila mashamba ya wanunuzi wake! Na wanunuzi walinunua kwa furaha.

Wazee wa Tanganyika waliowaona nzige wekundu tangu mwaka 1930 hata miaka ya 1940 wasingehitaji kuelezwa sana juu ya kadi hizo. Nzige wale walikuwa na mazalio yao katika bonde la Rukwa, wakaenea katika nchi nyingi za kusini na mashariki ya Afrika, hata mwaka 1949 serikali mbalimbali zikaunda shirika moja la kuwapinga. Mzaha juu ya nzige ulikuwapo vijijini pia, ila haukupigwa stampu.

Twasema basi kwamba kadi za chumvi hazikumdhuru mtu, kwa sababu aliyepeleka na aliyepokea wote walijua. Madhara huanza pale chumvi inapotiwa na mmoja, na mwingine akaila akidhani ni sukari. Hapo mfano wetu haupo Marekani, upo Kongwa.

Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali ya huko ikatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, waje kuangalia kama karanga zaweza kulimwa Afrika Mashariki kwa mashine. Kazi yao ilichukua majuma yapata tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Wakarudi na mpango: mashamba 107, kila moja la eka 30,000, jumla eka 3,210,000, na mengi yake katika Tanganyika. Msikilizaji, hebu linganisha na shamba lako, kisha utazame tena kadi ya hindi juu ya gari.

Hapakuwa na mkasi wala gundi katika mpango huo. Kila tarakimu iliandikwa kwa moyo safi. Lakini ule ulinganifu ambao jicho lauhitaji haukuwapo, maana kutoka juu ya ndege pori la Kongwa ni zulia laini la kijani, na ukiwa chini ni miiba, mizizi na mibuyu. Matrekta yalinunuliwa popote yalipopatikana, hata mabaki ya jeshi, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mengi yaliharibika upesi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama tofali, hata karanga zilizokomaa zikawa hazing'oki. Tena Ugogo ni nchi ya ukame, nao wenyeji wake walilijua jambo hilo kabla ya ndege yoyote kupita. Katika mwaka wa kwanza, 1947, ilitazamiwa eka 150,000 zifyekwe. Zilizokuwa tayari kupandwa zilikuwa yapata 7,500. Palijaribiwa pia Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa yapata paundi milioni 36. Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza. Jasho, na mapori yaliyofyekwa, vilikuwa vya huku.

Tumelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu wanafunzi wetu hupenda kudhani kwamba picha ya uongo ni ile iliyobandikwa tu. Ripoti nayo ni picha. Nayo ina mambo yaliyosogezwa karibu na mambo yaliyowekwa mbali.

Turudi kwenye hindi. Mwanafunzi mwerevu atauliza, Je, haiwezekani kweli mmea kukua kiasi hicho, kama ungepata mbolea ya kutosha? Jibu latolewa na hesabu, nalo liliandikwa na Galileo wa Italia katika kitabu alichokitoa mwaka 1638. Chukua kipande cha mti chenye umbo la dadu. Ukizidisha kila upande mara mbili, uso wake huwa mara nne, lakini uzito wake huwa mara nane. Ukizidisha mara kumi, uso huwa mara mia, na uzito mara elfu. Sasa nguvu ya mguu au ya shina hutegemea unene wake ukikatwa, yaani uso, bali mzigo wake ni uzito. Kwa hiyo kila kiumbe kikikuzwa bila kubadili umbo, mzigo wake huishinda miguu yake. Panzi wa Conard angevunjika miguu kabla hajaruka.

Na yale machungwa ya behewa? Tuseme chungwa la inchi 3 lina uzito wa nusu ratili. Likifanywa kuwa la futi 8, limekuzwa mara 32. Mara 32 kwa 32 kwa 32 ni 32,768. Nusu ratili mara hesabu hiyo ni ratili 16,384, yaani zaidi ya tani 7 kwa chungwa moja. Ganda lake lisingeweza kuushika uzito huo. Lingepasuka likiwa bado pale pale bustanini, na mwenye shamba angehitaji mtumbwi.

Walakini, na hapa ndipo twapenda kukaa kidogo, nchi yetu ina vitu vya kweli ambavyo mgeni akiviona katika picha hudhani vimebandikwa. Mwaka 1898 ndovu mmoja aliuawa katika mitelemko ya Kilimanjaro, na pembe zake zikapelekwa Zanzibar kuuzwa. Kila pembe ilipita ratili 200 kwa uzito, na futi 10 kwa urefu. Ipo picha ya pembe hizo zimesimamishwa wima karibu na watu, nazo zawapita kimo. Jumba la makumbusho la Uingereza lilinunua moja mwaka 1901, na ya pili ikaifuata katika miaka ya 1930. Ziko London hata sasa, na hapana mkasi uliopita hapo.

Tena kuna kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wadachi walifukua huko mifupa ya wanyama wa kale sana, na kazi ya kufukua ilifanywa na mamia ya watu wa kusini, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa vizuri, ikachukuliwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 mnyama mmoja alisimamishwa mzima katika jumba la makumbusho la Berlin, na kimo chake chapita futi 43. Mfupa wake wa mkono wa juu peke yake ni yapata futi 7. Mtazameni miguu yake: ni minene na imenyooka kama nguzo za msikiti. Galileo angemkubali. Sisi twaona ni haki jina la Boheti litajwe palipotajwa mnyama huyo, maana mara nyingi picha zilionyesha mfupa na mtu kando yake ili ukubwa ujulikane, na mtu huyo akabaki kuwa kipimo tu, kama rula.

Na fenesi? Mtu wa nchi za baridi ambaye tunda kubwa alijualo ni tufaha, akionyeshwa picha ya fenesi limening'inia katika shina la mti, atatafuta mshono wa gundi. Hapana tunda la mti lililo kubwa kuliko fenesi. Liko liwezalo kupita ratili 80. Basi chumvi ya mmoja ni chakula cha kila siku cha mwingine.

Siku hizi mkasi umestaafu. Mtu mwenye simu aweza kumkuza samaki au nyoka kwa kidole, na mashine za hesabu zaweza kuchora picha ya kitu ambacho hakikupigwa picha kamwe. Lakini mambo ya kutazama ni yale yale yaliyokuwapo wakati wa Martin. Tazama kivuli: vivuli vyote vya picha moja ya mchana vyapasa kuelekea upande mmoja, kwa kuwa jua ni moja. Tazama ukingo wa kitu kikubwa, kama ni mkali kuliko kingo za vitu vingine. Tazama macho ya watu, kama kweli wanakitazama kile kitu au wanatazama hewa kando yake. Tazama mkono unaokishika, kama vidole vinabonyea. Na tazama ardhi iliyo chini yake, kama imesikia uzito.

Tuliwapa wanafunzi wetu wa chuo cha walimu kazi ya kutengeneza kadi moja ya namna ile ya kale, kwa mkasi na gundi, kwa sababu hapana mtu ajuaye hila kama yule aliyeifanya kwa mikono yake. Walikwenda Keko, mahali mafundi seremala wanapopanga vitanda na makabati kando ya barabara, wakaomba ruhusa kwa vijana wawili wenye mkokoteni. Wakawaomba wauvute ukiwa mtupu, lakini kwa taabu, kana kwamba umebeba mzigo mkubwa. Vijana wale walifanya vizuri mno, hata mama mmoja muuza maandazi akawauliza, Wanangu, mna nini leo? Kisha wanafunzi wakapiga picha ya fenesi juu ya dawati la darasani, wakachapisha zote mbili dukani, wakakata, wakabandika, wakapiga tena.

Kadi ya kwanza ilikataliwa na wenzao kwa nukta moja tu: mkokoteni ulikuwa na kivuli upande wa kushoto na fenesi lilikuwa na kivuli upande wa kulia, kwa kuwa moja ilipigwa asubuhi nje na nyingine alasiri karibu na dirisha. Ikabidi fenesi litolewe nje siku ya pili saa tatu asubuhi, lielekezwe jua upande ule ule wa mkokoteni, na kwa kuwa liliiva mno likalazimika kushikwa na watu wawili waliojificha nyuma. Kadi ya pili ilikuwa safi. Chini yake wakaandika kwamba hayo ni mafenesi madogo ya Keko, makubwa yatakuja Jumamosi. Mmoja wao akaitia stampu akaipeleka kwa mjomba wake huko Newala. Baada ya majuma mawili mjomba alipiga simu. Hakusema lolote juu ya picha. Aliuliza tu kama fenesi hilo linauzwa zima au kwa vipande, maana pale kwake mlango ni mwembamba.